Kungoja Kusomewa

Mwalimu mkuu hakumwambia akae. Kiti kilikuwa kimoja na mwenyewe alikuwa amekikalia, basi Saada alisimama. Alisimama na buibui lake la kutokea, jasho likimtiririka mgongoni, huku Mwalimu Abdisalam akipekua makaratasi taratibu, mtu mwenye siku nzima mbele yake.

"Hooyo," akasema mwishowe, yaani mama, kwa kile Kisomali cha polepole wanachosemeshwa Wabajuni na watu wanaodhani Wabajuni hawaelewi. "Mwanao hasomi."

"Hafswa?"

"Hafswa Bakri, darasa la tatu. Hasomi."

Saada nusura acheke. Hafswa hasomi? Hafswa, aliyekwisha kuvuka nusu ya msahafu, anayekaa na mamake kwenye chuo cha Kuruani cha nyumbani kwao kila alasiri akiwashikilia watoto wadogo alifu zao? Wallahi mtu huyu kachanganya majina. Shule yenyewe watoto wamejazana hata madirishani, nani asingechanganya?

"Labda ni mtoto mwengine, mwalimu."

"Ni huyo huyo." Akamweleza, na alieleza kwa uchovu, kama aliyekwisha kuwaeleza wazazi wengine asubuhi ile. Mwisho wa mwaka kila mtoto huitwa mezani peke yake. Hupewa ukurasa ambao hajapata kuuona. Mwalimu hufungua saa ya simu, mtoto husoma kwa sauti dakika moja, na maneno aliyoyasoma ndiyo maksi yake. Hafswa hakusoma hata neno. Mwaka jana vile vile, hata neno. "Shirika linalotulipia nafasi za bure halina mchezo. Mtoto akipata sifuri miaka miwili, anampisha mwengine. Kuna watoto nje wanangoja."

"Na hesabu?"

"Hesabu anapata zote."

"Na imla?"

"Imla ni wa kwanza darasani. Kitabu cha darasa anakitoa chote kwa moyo, hata kikifungwa anakisema. Ndiyo sababu tunajua anakariri tu. Mbele ya ukurasa mpya anakuwa bubu." Akasukuma mezani karatasi zenye mhuri. "Na usiseme hatukukwambia. Kila muhula tumekuandikia. Hapa: mtoto hasomi, mzazi afike shuleni. Na hapa tena. Sahihi hii ni ya nani?"

Ilikuwa yake. Saada, kwa herufi za Kiarabu, mkono mzuri wa kuringia. Ripoti zile alikuwa amezipokea kwa furaha, na moja aliipikia wali wa nazi, maana maandishi ya Kisomali huandikwa kwa herufi za kizungu, na herufi za kizungu Saada hakuzijua hata moja. Aliona mhuri, aliona wino mwekundu, akadhani mwanawe anasifiwa. Na kuuliza? Amuulize nani, yeye ambaye nusu ya watoto wa mtaa wa Majengo wamejifunza kusoma miguuni pake?

"Ni yangu," akasema.

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

Uongo ule ulimtoka mwepesi, na uso ukamwaka moto. Mwalimu Abdisalam akakunja makaratasi yake. Jumatano, akasema, wale wa sifuri watapimwa mara moja ya mwisho. Baada ya hapo majina yanakwenda kwa shirika, na yeye hana la kufanya.

*

Mumewe Bakri alirudi kutoka bandarini na unga kwenye nyusi. Siku hiyo walikuwa wameteremsha ngano. Akanawa, akakaa, akala kimya samaki wake, na Saada akamwambia yote isipokuwa habari ya ripoti.

"Basi ikiwa hasomi, hasomi," Bakri akasema. "Kwani mimi nasoma? Mimi nasoma magunia. Nikiona alama ya mchele najua mchele, nikiona ya sukari najua sukari. Mchu kama mimi haishi?"

"Anaishi hivyo unavyoishi wewe."

Neno lilimchoma, naye hakulistahili. Bakri alikuwa mtu wa taabu, si mtu wa maneno. Akachambua mwiba wa samaki, akauweka ukingoni mwa sahani.

"Shule ya kulipa hatuiwezi," akasema baadaye. "Wajua. Akitoka hapo, ndiyo katoka. Atakaa na wewe chuoni. Si kichu kibaya."

"Si kibaya," Saada akajibu. Maana yeye mwenyewe ndivyo alivyokaa chuoni kwa mamake, na si kibaya, lakini juzi tu alisimama hospitali na dawa mkononi akingoja mtu yeyote apite amwambie ni vidonge vingapi asubuhi na vingapi jioni, na aliyepita alikuwa kijana wa kiume, na dawa ilikuwa ya wanawake.

Hafswa alikuwa ukumbini akikunja majamvi. Mtoto mwembamba, mkimya, macho yake chini. Watu walimsifu kwa kimya kile. Mtoto wa adabu, walisema, utadhani hayupo.

"Hafswa, kwani shuleni husomi?"

"Nasoma, mama."

"Mbona wanasema husomi?"

Mtoto akatazama jamvi. "Sijui, mama."

Saada akafanya alichokijua. Akaenda kwa Mwalimu Mulki, yule msichana anayefundisha darasa la tatu, akaomba ukurasa wa kufanyia mazoezi, akapewa. Akaupeleka kwa jirani yake Mariam, muuza vocha, aliyesoma mpaka sekondari. Alimwambia eti macho yake yanamuuma. Mariam hakuuliza neno. Alimuita Hafswa, akamsomea ukurasa mzima: habari za Fahmi na ngamia wake aliyepotea. Hafswa alisikiliza, kidole chake kikitembea juu ya karatasi. Mariam alipokoma, mtoto akaanza mwanzo, akaenda mpaka mwisho, neno kwa neno, hakujikwaa hata pale penye majina ya miti ya bara ambayo Mbajuni haijui.

"Mtoto huyu hasomi?" Mariam akashangaa. "Waongo hao!"

Saada alirudi nyumbani akitembea kifua mbele. Siku hiyo aliwafundisha watoto wa chuo kwa sauti ya juu kuliko siku zote.

*

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni mwa darasa kabla ya kengele, mtoto mkononi.

"Anasoma," akamwambia Mwalimu Mulki. "Msikilize."

Hafswa akatoa habari za Fahmi na ngamia wake. Watoto waliokwisha kufika wakasogea kutazama. Mulki alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la huruma; Saada akaliona.

"Vizuri sana, Hafswa. Sasa ukurasa huu." Akafungua kitabu kingine katikati.

Hafswa akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Akainamisha macho. Akanyamaza. Wala hakikuwa kimya cha mtu anayehangaika: midomo haikucheza, paji halikukunjamana. Alikaa tu ametulia, mgongo wima, kidole mahali pake, akingoja.

"Soma, Hafswa," akasema Mulki.

Kidole hakikusogea. Mtoto mmoja akacheka, na mwengine akasema kwa Kisomali maneno ya kuwakejeli watu wa visiwani. Mulki akamkemea, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Saada alilisikia, na alijua kuwa Hafswa amelisikia.

"Umeona, hooyo?" Mulki akasema kwa sauti ya chini. "Kila siku ni hivi. Nikimsomea, anashika kuliko wote. Nisipomsomea, hivi. Nami nina watoto sabini, siwezi kumsomea kila mmoja."

Saada alikuwa akikitazama kile kidole. Alikuwa akiutazama ule mgongo uliosimama wima na yale macho yaliyoinama, na alikuwa akiona chuo chake mwenyewe: watoto wake wote, kila alasiri, wakifika kwenye somo jipya, hukaa hivyo hivyo. Huweka kidole chini ya neno la kwanza, huinamisha macho, na humngoja. Maana chuoni mtu hasomi alichokuwa hajasomewa. Mwalimu hutangulia, mwanafunzi hufuata. Kumtangulia mwalimu ni ufidhuli, na katika maneno ya Mungu ni hatari, mtu asije akayapotoa. Ndivyo mamake alivyomsomesha kisiwani Chovae, ndivyo anavyosomesha yeye. Na Hafswa aliwahi kutangulia, siku moja, alipokuwa mdogo; alisoma mstari ambao hakusomewa, akaukosea, na Saada akamchapa mkono mbele ya wenziwe ili wote wajue kuwa mtoto wa mwalimu hapendelewi. Tangu siku ile hakutangulia tena.

Ya Rabi, akasema moyoni. Ni mimi.

"Mwalimu," akamwambia Mulki, "mwanangu hakushindwa. Ana adabu. Anakungoja umsomee."

"Mbona wenziwe nao wamepita chuo na wanasoma?"

"Wenziwe huenda chuoni, wakarudi makwao. Huyu hulala chuoni."

Mulki alifikiri kidogo. Alikuwa msichana mwema, lakini kengele ilikuwa imelia na watoto sabini walikuwa wakiingia. "Karatasi haina mahali pa kuandika adabu, hooyo. Ina mahali pa maneno tu. Jumatano asome."

*

Alasiri ile chuo kilipokwisha na watoto wakatawanyika na kelele zao, Saada hakuondoka jamvini. Akamwita Hafswa mbele yake, akatandaza kurasa nyingine alizopewa na Mulki asubuhi ile, ambazo mtoto hajasomewa na mtu.

"Soma."

Kidole kikaenda mahali pake. Macho yakashuka. Kimya.

"Wangoja nini?"

"Nangoja unisomee."

Saada akavuta pumzi. Ajabu ya Mungu, maneno mengine mtu huyabeba miaka hata akayasahau kuwa ni mzigo, na siku ya kuyatua ndipo anapojua uzito wake. Angeweza kumpigia kelele. Angeweza kumwambia, soma tu, nimekuamuru. Lakini alijua mtoto angesema mama anamjaribu, anatazama kama atatangulia.

"Siwezi kukusomea," akasema.

Hafswa akainua macho.

"Herufi hizi sizijui, mwanangu. Hata moja. Hii siijui, na hii siijui. Nikizitazama ni mchwa tu wamepita."

"Wanijaribu."

"Wallahi sikujaribu."

"Na zile ripoti? Si ulizisoma? Ulisema nimesifiwa."

"Sikuzisoma. Nilisema uongo. Niliona haya."

Mtoto akageuza uso upande wa ukuta, kama mtu aliyemkuta mkubwa wake anaoga. Saada aliiona haya ile ikimpanda mwanawe shingoni, haya ya kumuonea mama, na ilimuuma kuliko maneno ya Mwalimu Abdisalam yote. Mama anayejua kila kitu alikuwa ametoka chumbani, na amebaki mwanamke mchovu juu ya jamvi. Lakini maji yakishamwagika hayazoleki, na Saada akaendelea.

"Humu ndani hapana mchu wa kukutangulia. Babako hajui, nami sijui. Nataka kujua karatasi hii inasema nini. Nani atanambia?"

Hafswa akafunika mdomo kwa ukingo wa mtandio wake, na nyuma ya mtandio, polepole, kwa sauti ya mtu anayeiba, akasoma neno. Akanyamaza kuona kama atapigwa. Akasoma jengine. Zilikuwa ni habari za kisima, na wanawake waliokwenda kuteka maji wakakuta kimekauka. Alipokosea alirudi nyuma mwenyewe, akajisahihisha, akaendelea.

Saada alilia bila sauti. Alimshukuru Mungu, na papo hapo alijichukia.

"Na Jumatano utasoma hivi?"

Hafswa akatikisa kichwa. "Mwalimu Mulki yeye anajua, mama. Nitamtanguliaje?"

*

Jumatano uwanja wa shule ulikuwa na wazazi, kwani ndiyo siku ya kupokea ripoti. Mama wa Mzamil alikuwepo, mama wa Iman alikuwepo, wanawake wa Majengo ambao watoto wao wote wamepita mikononi mwa Saada. Walimsalimu kwa heshima, Bi Saada, umeamkaje, wakampisha kivulini. Alikaa hapo mpaka jina la Hafswa lilipoitwa, kisha akainuka akaenda naye mpaka mlangoni.

"Wazazi hawaingii," akasema Mwalimu Abdisalam, mkono kwenye mlango.

"Naomba niingie, mwalimu. Nikae mbele yake tu."

"Haiwezekani. Ni mtihani."

"Sitasema neno."

"Hooyo, nawajua wazazi. Mtaonyeshana kwa macho, mtaonyeshana kwa midomo. Utamsaidia."

Wanawake kivulini walikuwa wamenyamaza wakisikiliza. Saada akamtazama mwanawe, aliyekuwa amesimama kati yake na mwalimu akitazama vidole vya miguu yake. Akaona hakuna njia nyingine, akapiga moyo konde.

"Nimsaidie na nini?" akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mimi sijui kusoma."

"Wewe si mwalimu wa chuo?"

"Kuruani naijua. Herufi zenu sizijui. Ripoti zenu zote nimezitia sahihi sikujua zimesema nini. Nipe karatasi uipendayo, nishike juu chini, sitajua. Haya, nitamsaidia na nini?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mama wa Iman aliinamisha kichwa akajitia kufunga mkoba wake. Kesho, Saada alijua, habari hii itakuwa imezunguka Majengo yote, na mwenye kutaka kumtoa mwanawe chuoni kwake atakuwa amepata sababu. Mwalimu Abdisalam alisugua paji lake kwa kiganja. Sheria hakuipenda wala hakuichukia. Alikuwa amechoka nayo kama walivyochoka wengine.

"Akae," akamwambia Mulki, aliyekuwa akingoja mezani. "Akifungua mdomo, umtoe."

Wakaingia. Mulki akaweka ukurasa mezani na simu pembeni yake. Saada akakaa mbele ya mwanawe, mikono mapajani.

"Anza," akasema Mulki.

Kidole. Macho chini. Kimya. Simu ilikuwa ikihesabu, na Saada hakuthubutu hata kupepesa. Kisha Hafswa akainua macho akamtazama Mulki, mwenye kujua, na akamtazama mamake, asiyejua. Akaugeuza ukurasa kidogo juu ya meza, ukamwelekea mamake. Akasoma.

Alisoma polepole, sauti ndogo, akisimama kila mwisho wa mstari kumtazama mamake kama amefahamu. Mulki akafuata kwa kalamu. Dakika ilikwisha na simu ikalia, lakini Hafswa hakukoma, kwa sababu chuoni mtu hakatizi somo katikati. Alikwenda mpaka kituo cha mwisho. Ndipo akaondoa kidole.

Mulki akahesabu, akaandika, akahesabu tena.

"Hayatoshi kuingia la nne," akasema. "Amechelewa kuanza, na anasoma taratibu. Atarudia la tatu. Lakini si sifuri tena. Jina lake halitakwenda."

"Hilo ni zuri ama ni baya?" Saada akauliza. Kichwa kilikuwa kimechoka, alitaka aambiwe.

"Ni zuri, hooyo. Nafasi yake ipo."

*

Walirudi kwa miguu, jua la saa sita utosini na bajaji zikiwapita na vumbi lake. Kivulini wanawake walikuwa wamewaaga vizuri, vizuri kupita kiasi. Saada hakuwa na nguvu hata ya kufurahi. Alitaka kufika, avue buibui, alale sakafuni penye baridi.

Hafswa alitangulia hatua chache. Mbele ya duka la dawa akapunguza mwendo, akatazama juu, akasoma kibao. Hakutumwa na mtu. Akasoma cha kinyozi. Akasoma cha wauza barafu, akasoma ukutani palipoandikwa kwa rangi nyekundu kuwa nyumba hii haiuzwi, akacheka kidogo peke yake, na kila mara alipomaliza alimgeukia mamake kuona kama amesikia.

"Ulijua, mama?"

"Sikujua."

Wakafika kwenye zahanati, ile wanayokwenda siku zote, wakisukumwa na kukaripiwa na bawabu kila wanapoingia, nao wakistahimili kwa kudhani ndiyo kawaida ya bawabu kwa watu wa visiwani. Hafswa akasoma kibao cha mlangoni. Mlango huu ni wa wanaume. Wanawake wapitie upande wa pili.

Alikisoma kwa sauti mpaka mwisho kabla hajaelewa anachokisoma. Kisha akaelewa. Akamtazama mamake, akainamisha macho, akaanza kutembea upesi. Wakapita vibao vitatu, vinne, naye kimya, kichwa chini, kama havioni.

"Mbona umenyamaza?" Saada akauliza.

"Nimechoka."

"Hujachoka. Mimi ndiye niliyechoka." Akamshika bega, akamsimamisha mbele ya duka ambalo hakujua linauza nini. "Hapa pameandikwaje?"

"Mama..."

"Soma, mwanangu. Usiningoje."